Sahani kwa Kimo cha Kitabu

Nimebandika sufuria, jamani!

— Bandika, tunanusa!

Nitie chumvi kidogo?

— Tia mpaka tukohoe!

Na nikiepua kibichi?

— Tutakurushia viatu!

Haya, wekeni viatu karibu, na mikono magotini. Wewe hapo nyuma, acha kutafuna. Hadithi hii ina chakula kingi, chako hakitakosekana.

Zamani, si zamani sana, zamani ya juzi tu, wanyama walishikwa na ugonjwa wa kuandika. Simba aliandika. Swala aliandika kuhusu Simba, kisha akahama mtaa. Nyumbu aliandika kitabu cha safari, na safari yenyewe ilikuwa moja, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Hata Konokono alikuwa anaandika, na mpaka leo yuko kwenye utangulizi.

Sasa, waandishi wakiwa wengi, nani atawasikiliza? Wanyama wa kanda tatu, Kanda ya Mawe, Kanda ya Nyasi na Kanda ya Tope, wakakaa kikao. Waligundua jambo moja. Ukimwita mnyama aje kusikiliza kitabu, atakuambia ana mgonjwa nyumbani. Lakini ukimwita aje kula, na kitabu kikawepo hapo kwa bahati mbaya, atakuja yeye, atakuja mke wake, na mgonjwa mwenyewe atakuja akikimbia. Basi wakaanzisha Tamasha la Vitabu na Masufuria.

Likafana. Kila mwaka, baada ya mavuno, masufuria makubwa matatu ya pilau yalibandikwa uwanjani. Mpishi alikuwa Bi Korongo, mwenye miguu mirefu, shingo ndefu na upawa mrefu. Msiniulize nyama ya pilau ilitoka wapi. Mimi nilialikwa kula, sikualikwa kuuliza.

Na tamasha lile lilikuwa na desturi yake. Msikilizaji wa kawaida alipata upawa mmoja wa pilau. Lakini mwandishi hakupakuliwa hivihivi. Kitabu chake kiliwekwa mezani, sahani ikawekwa kando yake, na Bi Korongo akapakua mpaka kilele cha pilau kilingane na kitabu. Mwenye kitabu kinene alipata mlima. Mwenye kitabu chembamba alipata utando wa pilau juu ya sahani. Walisema ndiyo haki. Aliyeandika zaidi ale zaidi.

Nimebandika!

— Tunanusa!

Mwenyekiti wa tamasha alikuwa Kiboko. Alichaguliwaje? Siku ya uchaguzi alikaa juu ya kiti, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

Kiboko alikuwa na kitabu kimoja, kinaitwa *Maisha Yangu Matukufu*. Mwaka wa kwanza kilikuwa na unene wa matofali kumi. Mwaka wa pili, matofali ishirini. Mwaka wa tatu, ambao ndio wa hadithi hii, kilibebwa na nyani wawili kwa machela, na nyani mmoja alikuwa analia. Kila mwaka Kiboko alipanda jukwaani, akasoma jina la kitabu kwa sauti nene, "*Maisha Yangu Matukufu!*" Kisha akasema, "Mwisho wa kusoma. Chakula!" Watu wakapiga makofi, pa-pa-pa, kwa sababu walikuwa na njaa. Bi Korongo akapakua akisimama kwa ncha za vidole. Sufuria la kwanza likaisha, la pili likaisha, ndipo kilele kikalingana na kitabu. Wengine wote wakagawana sufuria la tatu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa kwanza, na hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa pili.

Na Pimbi?

Pimbi mnamjua. Mdogo, mviringo, wa kwenye mawe, asiye na mkia wa kuzungumzia. Pimbi naye alikuwa na kitabu. Kurasa sita, zimeshonwa kwa uzi wa mkonge. Kilikuwa chembamba hata upepo ulikipeleka ulikotaka upepo. Lakini Pimbi alikipenda kitabu kile kama roho yake. Kila neno alilisema kwanza kwa mdomo, akalisikiliza, ndipo akaliandika, na baada ya kila tamasha alikiandika upya.

Mwaka wa kwanza Kiboko alimwandika wa mwisho kwenye orodha ya wasomaji. Zamu yake ilipofika, pilau ilikuwa imekwisha, na ilipokwisha pilau, watu nao walikwisha. Uwanjani vilibaki viti na nzi. Mwaka wa pili, hivyo hivyo, viti na nzi, na nzi walikuwa wamepungua. Na miaka yote miwili, kwa kuwa alikuwepo na hana kazi, aliambiwa aoshe masufuria.

Mwaka wa tatu akafika asubuhi na kitabu chake kwapani. Kabla hajakaa, Kiboko akamrushia dodoki la kuoshea vyombo. Chwap!

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Pimbi, povu likimtiririka usoni.

"Marahaba. Masufuria yako kule nyuma."

"Mheshimiwa, mimi ni mwandishi. Nipo kwenye orodha."

"Upo wa mwisho," akasema Kiboko. "Na leo ni mwaka wako wa tatu. Unaijua sheria ya nne? Mwandishi asiyesomea watu kitabu chake miaka mitatu, jina lake linafutwa, na dodoki linakuwa lake maisha. Kwa hiyo lizoee, lizoee." Akaondoka, tepwe, tepwe, tepwe, akiacha tope kwenye kila zulia.

Pimbi akaenda nyuma ya jukwaa. Aliogopa. Akaingiza mikono kwenye maji ya moto, akasugua, kwaru, kwaru, kwaru. Bi Korongo alikuwa pale anakaanga vitunguu.

"Mwanangu," akasema Bi Korongo bila kugeuka, "mimi nina upawa tu, sina mamlaka. Lakini ningependa kukisikia hicho kitabu chako. Miaka yote naona unakificha kwapani kama umeiba."

"Leo utakisikia, Bi Korongo."

"Nani atakipa nafasi?"

"Sijui bado," akasema Pimbi, akaendelea kusugua.

Kule jukwaani Kasuku akaanza kusoma sheria za tamasha. Kasuku ndiye aliyekuwa mtunza sheria. Alizikariri zote, na alizisema kila mwaka kwa mbio, bila kupumua, huku watu wakinusa pilau na kuulizana kama kuna kachumbari. Hakuna aliyewahi kumsikiliza, hata Kasuku mwenyewe.

"Sheria-ya-kwanza-kila-mwandishi-aje-na-kitabu-chake! Sheria-ya-pili-sahani-ya-mwandishi-itapimwa-kwa-kimo-cha-kitabu-chake! Sheria-ya-tatu-mwandishi-akiombwa-na-wasikilizaji-asome-atasoma-kitabu-chote-jalada-hadi-jalada-na-hataonja-chakula-mpaka-amalize-na-wasikilizaji-waendelee-kula!"

Dodoki likasimama. Sikio la Pimbi likasimama. Miaka mitatu alikuwa akiosha masufuria karibu na jukwaa, na mwenye kuosha vyombo hana la kufanya na masikio yake isipokuwa kusikia.

"Bi Korongo," akasema Pimbi taratibu, akijifuta mikono, "nikopeshe sufuria moja tupu. Nataka kusimama juu yake."

Nimebandika!

— Tunanusa!

Kiboko akapanda jukwaani. Ubao ukalia, kriiik! Nyani wawili wakakitua kitabu, puh! Vumbi likapanda. Kiboko akakohoa, akatangaza, "*Maisha Yangu Matukufu!* Mwisho wa kusoma. Chakula!" Makofi yakalia. Bi Korongo akapakua sufuria la kwanza, akapakua la pili, na mlima wa pilau ukalingana na kitabu. Mvuke wake ulipita juu ya vichwa vya watu. Ukampitia Pundamilia akafumba macho, ukampitia Ngiri akakaa chini. Kiboko akafunga kitambaa shingoni, akashika kijiko.

"Mheshimiwa!"

Watu wakageuka. Juu ya sufuria lililopinduliwa amesimama Pimbi, mkono kifuani, uso wa adabu kabisa.

"Sema upesi," akasema Kiboko. "Pilau inapoa."

"Mheshimiwa, sisi watu wa mawe ni washamba. Mwaka wa tatu huu tunaona kitabu chako kwa nje tu. Tunarudi nyumbani, wazee wanatuuliza, 'Ndani kimeandikwa nini?' Tunabaki kujikuna. Mheshimiwa, kitabu kizito namna hii, kilichowavunja nyani migongo, si dhambi kikirudi hakijafunguliwa? Tunakuomba. Tunakuomba utusomee."

Kiboko akatua kijiko. Alipenda pilau, lakini alipenda pia kusifiwa, na siku hiyo viwili hivyo vilimkuta mezani pamoja. "Mnasikia?" akawauliza watu. "Hata kidudu hiki kina akili ya kutambua. Mnataka nisome?"

"Asome!" wakapiga kelele watu. Walidhani atasoma mstari mmoja, na wao watapata nafasi ya kukaribia sufuria la tatu.

"Basi kwa heshima yenu nitasoma ukurasa mmoja."

"Kraaa!" akaruka Kasuku. "Ameombwa! Sheria ya tatu! Atasoma kitabu chote, jalada hadi jalada! Hataonja chakula mpaka amalize! Wasikilizaji waendelee kula!"

Kiboko akageuka polepole. "Sheria gani hiyo ya kijinga? Nani aliyeiandika?"

"Wewe, Mheshimiwa. Mwaka wa kwanza. Ulisema wasomaji wadogo wasome wakati wewe unakula."

Uwanjani akacheka mtu mmoja, sijui nani, mimi nilikuwa nimekaa mbele. Kisha wakacheka wawili. Kiboko akatazama pilau, akatazama watu, akatazama kitabu. Kukataa mbele ya kanda tatu nzima ilikuwa aibu. Akakifungua. Krrr, jalada likalia, kwa kuwa lilikuwa halijafunguliwa tangu lishonwe.

"Ukurasa wa kwanza," akasoma. "'Nilizaliwa. Nikasikia njaa.'"

"Aaah!" wakasema watu, na Bi Korongo akaanza kuwapakulia kutoka sufuria la tatu.

"Ukurasa wa pili. 'Jumatatu. Asubuhi nilikula mandazi ishirini ya iliki na birika la chai ya tangawizi. Mchana nilikula mihogo ya nazi. Mihogo ilikuwa laini, nazi ilikuwa nzito...'"

Maana kitabu chote kilikuwa hivyo! Kiboko hakuwahi kufanya jambo lolote maishani isipokuwa kula, na alipokaa kuandika maisha yake aliandika aliyoyajua. Kila siku, kila sahani, kila kitafunwa. Sasa akawa anasoma juu ya chakula, pua yake iko juu ya chakula, na kijiko hakigusi. Mate yakaanza kudondoka kwenye ukurasa. Do. Do. Do.

Na watu wanakula. Nyam, nyam, nyam.

"Ukurasa wa saba. 'Jumanne. Ndizi za kupika na maharage. Maharage yalikuwa yameungwa kwa...'" Do. Do. "'...yameungwa kwa karanga.'"

Nyam, nyam, nyam.

"Na pilipili je, Mheshimiwa?" akauliza Ngiri, mashavu yamejaa.

"Ilikuwepo," akasema Kiboko kwa sauti ya kulia.

Alipofika ukurasa wa kumi akaona hawezi. Akalamba kidole, akafunua kurasa tano kwa mpigo, fyuu. "'Alhamisi,'" akasoma haraka haraka, "'nilikula...'"

"Samahani, Mheshimiwa," ikasema sauti ndogo kutoka juu ya sufuria. "Jumanne tumeimaliza wote. Jumatano ulifunga?"

"Jalada hadi jalada!" akapiga kelele Kasuku. "Jalada hadi jalada!"

Kiboko akarudi Jumatano. Jumatano ilikuwa biriani. Ilikuwa biriani ya harusi, kurasa tano nzima, na mwandishi hakusahau hata zabibu moja. Alipomaliza, sauti imekauka, na kitabu kilikuwa bado kirefu mbele yake. Akakihesabu kwa macho. Jumatano moja imemfanya hivi, na huko mbele kulikuwa na Jumatano za miaka.

"Pimbi," akanong'ona, "wewe ndiye uliyeniomba. Sema nimesoma kutosha."

Pimbi akashuka kwenye sufuria, akamsogelea na uso wa huruma. Ile huruma mngeiona mngemkopesha nyumba. "Mheshimiwa, mimi nani nibishane na Kasuku? Lakini nimeifikiria ile sheria. Inasema hutaonja chakula. Je, kitabu ni chakula?"

"Si chakula."

"Na ukurasa usiokuwepo, Kasuku anaweza kukudai uusome?"

Kiboko akafikiri. Mwili mkubwa ule, wazo lilichukua muda kufika. Lilipofika, macho yakang'aa. Akang'oa ukurasa, chwaa! Akautia kinywani, tafu-tafu-tafu, akameza, glup! Karatasi zile zilikuwa za matete, na Kiboko na matete ni ndugu wa siku nyingi.

"Kasuku! Kuna sheria inayokataza?"

Kasuku akafumba jicho moja, akazipitia sheria zote kichwani. "Hakuna."

"Ha!" akasema Kiboko, akang'oa kurasa kumi. Chwaa! Tafu-tafu-tafu, glup!

Lakini Bi Korongo alikuwa amesimama pale mezani na upawa wake. Akainama, akakitazama kitabu. Akaitazama sahani. "Mheshimiwa, samahani," akasema. "Kitabu kimeshuka. Sheria ya pili." Akachota kwenye mlima wa pilau, upawa uliojaa, akaurudisha sufuriani, pwata!

Hapo ndipo watu walipoelewa. Pilau ya Kiboko inarudi sufuriani, na iliyo sufuriani ni yao. Wakasahau hata kumwita Mheshimiwa.

"Kula, Kiboko!" wakamshangilia. "Ukurasa mwingine! Usiache hata herufi!"

Kiboko akasita. Alitazama mlima wake umepungua kidogo tu. Akajisemea, nitakula kurasa chache zaidi, mlima bado mkubwa. Kisha macho yake yakaangukia mstari unaofuata, ulikuwa wa sambusa. Akaona afadhali autafune kuliko kuusoma.

Kiboko akang'oa, chwaa! Akatafuna, tafu-tafu-tafu, akameza, glup! Bi Korongo akapima, akachota, pwata! Watu wakapakuliwa, nyam, nyam, nyam.

Kiboko akang'oa konzi nzima, chwaa! Tafu-tafu-tafu, glup! Bi Korongo, pwata! Watu, nyam, nyam, nyam.

Ikaliwa miaka ya ndizi. Ikaliwa miaka ya samaki. Ikaliwa Idi moja yenye kaimati. Ngiri akaomba kachumbari. Pundamilia akalegeza mshipi, na wala hana mshipi.

Mwisho Kiboko akameza ukurasa wa mwisho, akayapiga majalada mawili matupu, pah! "Nimemaliza!" akanguruma. "Jalada hadi jalada! Sasa kijiko changu!"

Akageukia sahani.

Bi Korongo alikuwa ameshakipima. Majalada mawili, moja juu ya jingine. Kwenye sahani kulikuwa na punje za wali zilizolala ubavu, safu moja, na bizari nyembamba moja iliyokuwa imepotea njia. Kiboko akazitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaramba sahani, lap. Kisha akacheua, beeeu! Uwanja mzima ukanuka wino.

Nimebandika!

— Tunanusa!

Basi masufuria matatu yalikuwa yamejaa tena mpaka katikati, jambo ambalo halijawahi kutokea. Na kwa kuwa pilau ipo, watu wapo. Hakuna aliyekuwa na mgonjwa nyumbani. Kasuku akaitazama orodha. "Msomaji anayefuata," akasema, "na wa mwisho. Pimbi."

Wengine wote kwenye orodha walikuwa wamejifuta wenyewe, maana nani asome huku wenzake wanakula?

Pimbi akatoa kitabu kwapani. Akapanda juu ya sufuria lake.

"Kitabu changu kinaitwa *Ukoko*," akasema. Na akasoma:

"'Mimi ni mwosha masufuria. Nyinyi mnaijua pilau kutoka juu, mimi naijua kutoka chini. Kila sufuria lililorudi kwangu lilinieleza habari zenu. Huyu alikuja akasema ameshiba, alama za kucha zake ziko hapa. Huyu alimsifu mpishi, na hapa ndipo alipoficha kitunguu alichokichukia. Mwenyekiti huwa haachi ukoko, na siku aliyoniachia kidogo, nilidhani amekufa, nikaanza kumlilia, ndipo nikamsikia anapiga miayo...'"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Bi Korongo alicheka shingo yake yote, kutoka chini kwenda juu. Ukurasa wa tano Pimbi aliandika habari za mama yake, aliyekuwa akibandua ukoko kwa kisu butu na kuwapa watoto wanane, akisema yeye amekula jikoni. Na Pimbi alipokuja kuosha lile sufuria la jikoni alilikuta kavu. Hapo hakucheka mtu. Ngiri alitua sahani chini. Ukurasa wa sita ukawachekesha tena, kisha ukaisha. Muda wote huo haukufika hata wa kupoza chai.

"Amesoma!" akasema Kasuku, na kwa mara ya kwanza maishani alisema neno moja taratibu.

Bi Korongo akaleta sahani. Akakilaza kitabu cha Pimbi mezani, akainama, akainama tena, jicho likagusa meza. "Mwanangu," akasema kwa huzuni, "kimo cha hiki ni punje tatu."

"Bi Korongo, tamka tena ile sheria."

"Sahani itapimwa kwa kimo cha kitabu."

Pimbi akakichukua kitabu chake, akakifungua kidogo, akakisimamisha wima mezani. Kikasimama. Shubiri nzima!

"Hila!" akapiga kelele Kiboko, na karatasi ikamtoka puani. "Kitabu hulala!"

Watu wote wakamgeukia Kasuku. Kasuku akafumba jicho la kulia, akafumba la kushoto. "Sheria inasema kimo," akasema. "Haisemi kitabu kiwe usingizini."

Pwata! pwata! pwata! Safari hii upawa ulikuwa unakuja. Mlima wa pilau ukapanda mpaka Pimbi hakuonekana nyuma yake, zikasikika tu sauti zake. Nyam, nyam, nyam.

"Bado kuna sheria ya nne," akaendelea Kasuku, ambaye akianza haachi. "Mwandishi asiyesomea watu kitabu chake miaka mitatu, jina linafutwa. Pimbi amesoma. Kiboko mwaka wa kwanza alisoma jina. Mwaka wa pili alisoma jina. Mwaka wa tatu alisoma Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kilichobaki akala."

Pimbi akachungulia kutoka nyuma ya mlima, mdomo unang'aa mafuta. Alichukua dodoki, akalirusha. Chwap!

Siku hiyo Kiboko aliosha masufuria matatu, kwaru, kwaru, kwaru, na kwa mara ya kwanza alikuta ukoko akaula akiwa amesimama.

Jina la Kiboko likafutwa, na Pimbi ndiye akawa mwenyekiti. Mwaka uliofuata waandishi wote walikuja na vitabu vya ukurasa mmoja, virefu kama milango, wakivisimamisha mezani na kuvishika visianguke. Twiga alileta chake akaegemeza kwenye mti. Na Mheshimiwa Pimbi, nasikitika kuwaambia, alikuja na kitabu kile kile cha *Ukoko*, kurasa sita zile zile, ila kimeshonewa jalada jipya lenye kimo cha mlingoti wa bendera, na nyani wawili wamelibeba, na mmoja analia.

Kasuku akaanza kusoma sheria, mbio mbio. Watu wakanusa pilau. Na kule nyuma ya jukwaa, kwenye povu, dodoki likasimama, na sikio dogo la Kiboko likasimama.

Nimeepua, jamani!

— Pakua!

Fundisho kwanza. Hadithi hii inatufunza kuwa waandishi wakubwa waheshimiwe, wasisumbuliwe kwa kuombwa wasome. Inatufunza kuandika vitabu vinene, kwa kuwa siku ya njaa vitatufaa. Tena inatufunza watoto wetu wasisikilize sheria zinaposomwa, maana mnaona wenyewe madhara yake.

— Tumefunzika! Pakua!

Pilau imekwisha, niliimaliza mimi mlipokuwa mnacheka. Sufuria hili hapa, dodoki lile pale. Wewe uliyekuwa unatafuna hapo nyuma, simama, nimekuona.